Wingu la Arusha, Maji ya Mbuguni: Kusoma Picha za Setilaiti Chini ya Mlima Meru

Mhadhara kwa wakulima, walimu na wanafunzi, Usa River

  

Naanza na jambo linalomhusu kila mtu wa hapa anayefungua picha ya setilaiti kwenye simu yake. Wingu kubwa la mvua likisimama juu ya jiji la Arusha, picha inaweza kulichora likiwa linakaribia hapa Usa River. Simu yako nzima, picha nayo haijachakachuliwa. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Meteosat, ile kuu iliyowekwa kwenye longitudo ya sifuri, imekaa juu ya Ghuba ya Guinea, kusini mwa pwani ya Ghana. Sisi tuko karibu nyuzi 37 mashariki yake, kwa hiyo inatutazama kwa mshazari. Wingu lenye kilele cha kilomita 15 likitazamwa kwa mshazari huo, kilele chake huangukia kwenye ramani kama kilomita 14 mashariki ya pale lilipo hasa. Na kutoka katikati ya Arusha kuja hapa ni kama kilomita 20. Mkulima wa Usa River anaweza kuanua mahindi yake kwa sababu ya mvua inayonyesha mjini.

Ipo Meteosat nyingine iliyowekwa kutazama Bahari ya Hindi. Tangu mwaka 2022 kazi hiyo inafanywa na Meteosat-9, iliyo nyuzi 45.5 mashariki. Hiyo iko karibu na utosi wetu. Wingu lilelile itakalolionyesha litakuwa limesogea kilomita tatu tu, tena kuelekea magharibi. Ndiyo maana swali la kwanza la msomaji, kabla ya kuuliza kama mvua inakuja, ni hili: picha hii imepigwa na setilaiti ipi, saa ngapi? Baadhi ya tovuti husahihisha mshazari huo, nyingine hazifanyi hivyo. Nimekuja kusema kwamba picha ya angani haijitoshelezi. Anayeisoma vizuri ni yule anayeijua ardhi iliyo chini yake, na kwa ardhi hii watu hao ni ninyi.

Turudi nyuma kidogo. Setilaiti ya kwanza iliyofanikiwa kutuma picha za hali ya hewa, TIROS-1 ya Marekani, ilirushwa tarehe 1 Aprili 1960. Ilizunguka dunia kwa chini, ikipita mahali na kwenda zake. Afrika ilipata jicho lisiloondoka Novemba 1977, iliporushwa Meteosat ya kwanza. Setilaiti za namna hiyo hukaa kilomita 35,800 hivi juu ya ikweta na kuzunguka sambamba na dunia, kwa hiyo hutazama upande uleule usiku na mchana. Mwaka huohuo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika, na idara ya pamoja ya hali ya hewa, iliyoanza mwaka 1929 wakati wa ukoloni, ikagawanyika kila nchi na yake. Jambo hilo huniuma kila ninapolikumbuka. Jicho lilifunguka angani wakati watu waliozoea kulinganisha daftari zao kutoka Entebbe, Nairobi na Dar es Salaam walikuwa wanaachana.

Sasa, picha yenyewe ni nini? Meteosat-9 inaitazama dunia kwa mikondo 12 ya mionzi, kila baada ya dakika 15. Mikondo michache ni ya mwanga wa jua, ule tunaouona kwa macho na mwingine wa jirani yake. Mingi ni ya joto. Kila kitu hutoa mionzi ya joto: ardhi, bahari, wingu, hata sisi humu ukumbini. Ndiyo maana setilaiti huona mawingu usiku wa manane. Hewa hupoa kadiri unavyopanda juu, kwa hiyo kilele cha wingu kikiwa baridi, kiko juu. Kilele chenye nyuzi 70 chini ya sifuri kimefika kilomita 14 au 15, zaidi kidogo ya mara tatu ya urefu wa Meru. Wachora picha wamekubaliana kwamba baridi ichorwe nyeupe na joto lichorwe jeusi. Kwa hiyo weupe wa picha ya joto ni kipimo cha ubaridi. Wengi husahau hilo na kusoma kila weupe kama mvua.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, nao walikuwa wakiyatazama kwa chini. Walikuwa wakiona tumbo la wingu, weusi wake, na upepo wa baridi unaotangulia. Setilaiti huona mgongo wake tu. Mgongo huo hudanganya kwa namna nyingi, na hapa kwetu namna tatu zina uzito.

Ya kwanza mnaijua kwa mwili. Ni lile wingu la Juni na Julai linaloshuka juu ya migomba na kukaa hapo mpaka saa nne au saa tano asubuhi, watoto wakienda shule na masweta. Upepo wa kusi huleta unyevu kutoka baharini, ukaugonga mteremko wa Meru na wa Kilimanjaro, ukapanda na kuganda kuwa wingu pana lisilo na kimo. Kilele cha wingu hilo kiko chini, na joto lake linakaribiana na joto la ardhi ya usiku. Kwenye picha ya joto halionekani kabisa. Mtu aliyekaa Darmstadt, Ujerumani, ambako Meteosat zinaendeshwa, anaweza kuona anga safi juu ya Usa River saa ileile ambayo dereva anayewahi uwanja wa ndege wa Kilimanjaro amewasha taa na kupunguza mwendo. Dawa ipo. Mikondo miwili ya joto hulinganishwa, kwa kuwa matone madogo ya maji hutoa mionzi ya mkondo mmoja kwa unyonge kuliko ya mwingine, na tofauti hiyo hulifichua wingu. Jua likichomoza, mkondo wa mwanga wa kawaida hulionyesha jeupe pe, limekumbatia mlima kwa upande wa kusini na mashariki.

Ya pili ni kinyume chake. Wingu la radi likishafika juu kabisa hukosa pa kwenda, likatandaza kilele chake pande zote na kuwa bapa kama fuawe ya mhunzi. Mvua ikiisha, mwili wa wingu husambaratika, lakini utandu ule wa barafu hubaki angani saa nyingi, ukisukumwa na upepo wa juu. Ni mweupe kuliko kitu chochote kwenye picha, na chini yake kumekauka. Nimewaona watu wenye elimu wakishangilia utandu huo na kutangaza masika.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nikubali kuja kuzungumza hapa.

Upepo wenye unyevu ukilazimishwa kupanda mlima, wingu linaweza kunyesha bila kilele chake kufika mahali pa barafu. Matone hugongana, huungana, huanguka. Ni mvua ya wingu fupi lenye joto. Mama anayelima Nkoaranga huiona kila masika: inanyesha taratibu, inanyesha tena, mfereji unajaa, na radi haikusikika. Njia nyingi za kukadiria mvua kwa setilaiti hufanya kazi kwa kuhesabu muda ambao wingu baridi limekaa juu ya mahali. Kundi la TAMSAT la Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, limefanya hivyo kwa Afrika kwa miongo kadhaa, nao wamefanya kazi ya thamani kubwa: wanachagua kiwango cha ubaridi kwa kila eneo na kila mwezi, wakilinganisha na vipimo vya ardhini. Hata hivyo wingu ambalo halikupoa halihesabiwi. Kwenye tarakimu, mteremko wetu wenye neema unaweza kuonekana mkavu kuliko ulivyo, na tambarare iliyofunikwa na utandu uliokufa ikaonekana imelowa.

Tena kuna ukubwa wa punje ya picha. Kwa mikondo ya joto ya Meteosat-9, punje moja, pale panapotazamwa wima, ni kilomita tatu kwa tatu. Ni kilomita tisa za mraba zenye joto moja la wastani. Kutoka barabara kuu ya Moshi kupanda hadi Nkoaranga ni mwendo mfupi, na bado mvua ya juu haifanani na ya barabarani. Ukizunguka mlima ukafika Ngarenanyuki au Oldonyo Sambu, uko kwenye nchi nyingine kabisa: upepo umeshaacha maji yake upande wetu. Picha ya rangi iliyopigwa siku isiyo na wingu huonyesha jambo hilo waziwazi. Upande wa kusini na kusini-mashariki ni kijani kibichi, wa kaskazini na magharibi ni kahawia.  

Wanasayansi hawafichi udhaifu huu. Ndiyo sababu takwimu zinazotumika sana, kama CHIRPS zinazoanzia mwaka 1981, huchanganya setilaiti na vituo vya ardhini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, nayo ilishirikiana na taasisi ya IRI ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, katika mpango uitwao ENACTS, uliochanganya vipimo vya vituo vyetu na makadirio ya setilaiti ili hata kijiji kisicho na kituo kiwe na historia yake ya mvua. Ila kuchanganya kunahitaji pande mbili. Kituo kikifa, au daftari likiachwa tupu mwezi mzima, hesabu hulazimika kuiamini setilaiti peke yake, na milimani ndiko haifai kuaminiwa peke yake.

Nigusie mwendo, kwa kuwa picha moja haitoshi. Chukua picha tatu au nne za wakati mmoja baada ya mwingine, tofauti ya dakika 15. Tazama kilele cha wingu lilelile. Kama kilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na ndani ya nusu saa au dakika 45 kimepoa hadi 60 chini ya sifuri, wingu hilo linakua kwa kasi, na mvua kubwa iko njiani au imeshaanza chini yake. Kikiacha kupoa na kuanza kutanda tu, limefika ukomo. Tazama pia linakoelekea. Hiyo ndiyo stadi yenye faida ya haraka kwa watu wa tambarare. Mnajua ninyi wa Mbuguni kwamba maji huja jua likiwaka. Mvua imenyesha juu, mlimani, na Mto Usa, Nduruma na Maji ya Chai yote inateremkia Kikuletwa. Anayetazama mlima kwenye picha saa tisa alasiri anaweza kupata muda wa kuhamisha mifugo na kuwazuia watoto wasivuke.

Tarehe 12 Aprili 2024, asubuhi ya mvua kubwa, gari la shule lilisombwa na maji korongoni jijini Arusha, na watoto wakapoteza maisha. Sitaki kulitumia jambo hilo kupamba hoja. Nasema tu kwamba makorongo yetu ni mafupi na yana mteremko mkali, kwa hiyo muda kati ya wingu na maji ni mdogo mno. Utabiri wa jana jioni husema mvua kubwa inatarajiwa mikoa ya kaskazini. Hauwezi kusema ni korongo lipi. Picha ya kila robo saa, ikisomwa na mtu anayeyajua makorongo kwa majina, inaweza kulikaribia jibu hilo.

Sasa tupanue macho, tuione Afrika Mashariki yote pamoja na bahari.

Vitabu vya shule hufundisha kwamba ukanda wa mvua hulifuata jua, ukatupitia mara mbili, ukatupa masika na vuli. Ni kweli, lakini msiutafute kwenye picha kama mstari ulionyooka. Juu ya Atlantiki utauona mstari. Kwetu, kwa sababu ya milima, bonde la ufa na Ziwa Victoria, utaona makundi ya mawingu yanayozaliwa na kufa kwa saa. Ziwa Victoria lina ratiba yake: alasiri radi huwa nchi kavu pembezoni, na usiku upepo wa nchi kavu hukutana katikati ya ziwa, mawingu yakalipuka hapo mpaka alfajiri. Wavuvi wamelipa gharama ya ratiba hiyo kwa maisha yao.

Jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa ni lile la upepo wa magharibi. Tumezoea kwamba mvua ya Arusha hutoka Bahari ya Hindi. Siku nyingi hutoka huko. Lakini zipo siku za masika ambapo hewa yenye unyevu mwingi huvuka kutoka Kongo, ikapita juu ya Ziwa Victoria na kufika kwetu, na siku hizo huwa na mvua nzito. Picha ya mkondo wa mvuke wa maji, ambao huonyesha unyevu wa tabaka za kati na za juu hata pasipo na wingu, hukuwezesha kuuona unyevu huo ukitandaa kuelekea mashariki.

Nini huuvuta? Mara nyingine ni kimbunga kilicho mbali sana nasi. Kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa, kwa hiyo upande wa kaskazini wa kimbunga upepo huenda mashariki. Kimbunga kikikaa mashariki ya Madagaska, upepo huo huivuta hewa ya Kongo ipite juu yetu. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita upande huo, na masika ya mwaka ule yalikuwa mazito Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata, Machi 2019, Idai kilikaa ndani ya Mlango-Bahari wa Msumbiji kisha kikaipiga Beira usiku wa tarehe 14. Kilipokaa hapo kiliuvuta unyevu kusini, na masika yetu yakachelewa. Bahari ileile na msimu uleule, lakini kwa kutofautiana kwa mahali kilipokaa kimbunga, mkulima mmoja alipanda kwenye tope na mwingine kwenye vumbi. Kwa hiyo ukitaka kujua masika ya Usa River, itazame pia Madagaska, kaskazini yake, magharibi yake na mashariki yake.

Vimbunga vyenyewe havitufikii vikiwa vimbunga. Mzunguko wa dunia ndio unaovipa msokoto, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno. Sisi tuko nyuzi 3.4 kusini. Pwani ya kusini ina hatari zaidi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja meli za Sayyid Barghash. Tarehe 15 Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Mwaka 1872 watu wa Unguja walikijua kimbunga upepo ulipokuwa tayari unabomoa.

Hidaya, kimbunga cha Mei 2024, alikuja kwa namna nyingine. Alionekana akijikusanya baharini siku kadhaa kabla, TMA ikatoa tahadhari mfululizo, vyombo vya majini vikazuiwa, na tarehe 4 Mei akafika Mafia akiwa amepungua nguvu. Hakukuwa na mtu katikati ya bahari wa kupima upepo wake. Nguvu yake ilikadiriwa kwa njia ya kusoma picha aliyoibuni Mmarekani Vernon Dvorak miaka ya 1970. Msomaji hupima utepe wa mawingu umejikunja kiasi gani kuzunguka kitovu, mawingu yanayokizunguka ni baridi kiasi gani, na kama kuna jicho, jicho hilo lina joto kiasi gani. Hukipa kimbunga namba kutoka 1 hadi 8, na namba hiyo hugeuzwa kuwa kasi ya upepo. Kituo cha La Réunion, chenye jukumu la vimbunga vya upande wetu wa bahari, huitumia njia hiyo hadi leo. Nawaambia wanafunzi hasa: ni usomaji. Mtu ametazama umbo, akalinganisha na maumbo aliyoyaona kabla, akafanya uamuzi, na watu wa Mafia wakafunga madirisha.

Nimalizie kwa kazi, maana niliombwa nilete kitu cha kufanya.

Kipima mvua si kifaa cha ghali. Milimita moja ndani yake maana yake ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba ya shamba. Kiwekwe wazi, mbali na mti au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho, mdomo ukiwa sawa bila kuinama. Kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa ambayo vituo vya Afrika Mashariki husoma, na maji yamwagwe baada ya kuandika. Siku isiyo na mvua andikeni sifuri. Msiache wazi, kwani anayekuja kusoma miaka kumi baadaye hawezi kujua kama kulikuwa kukavu au mwandishi alisafiri. Pembeni andikeni saa mvua ilipoanza, na kama kulikuwa na radi.

Napendekeza shule tatu kwa kuanzia: moja Nkoaranga, moja hapa Usa River, moja Mbuguni. Ni mstari mmoja kutoka begani mwa mlima hadi tambarare. Kila Ijumaa mwalimu wa jiografia afungue picha za Meteosat-9 za wiki hiyo, mkondo wa joto na mkondo wa mwanga, darasa likitafuta kila siku yenye mvua kwenye daftari. Mtakutana na siku ambayo Nkoaranga imepata milimita 25 na picha ya joto haina weupe wowote. Siku hiyo iandikeni kwa wino mwekundu, pamoja na tarehe, saa na jina la setilaiti, na nakala ipelekwe kituo cha TMA kilicho karibu.